Shangazi na Kidonge cha Kila Asubuhi

Mazungumzo ya mfamasia na klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 

Leo nilijiandaa kuzungumzia malaria. Lakini nilipofungua sanduku la maswali nimekuta karatasi moja iliyokunjwa mara nne, nikaisoma, nikaona malaria itangoja. Mwandishi hakuweka jina, na amefanya vyema. Tafadhali msianze kutazamana. Kwa kifupi anasema hivi: shangazi yake ameishi Uingereza miaka mingi, na sasa yuko nyumbani kwa miezi kadhaa kumwuguza bibi. Kila asubuhi baada ya chai anameza kidonge. Alipoulizwa, akajibu kwamba alipofika miaka 38 madaktari wa huko walimpima wakamwambia ana tatizo la umakini, na dawa hiyo huenda akaimeza miaka na miaka. Mama wa huyu mwandishi haelewi. Anasema huo ni uteja wa Kizungu uliofungwa kwenye karatasi nzuri. Basi mwandishi anauliza mawili. Je, shangazi ni teja? Na je, yeye akimeza kimoja tu siku ya mtihani wa hisabati, atafaulu?

Maswali mazuri haya. Nadhani la pili ndilo lililomfanya ashike kalamu, lakini nitaanza na la kwanza, maana bila la kwanza la pili halijibiki.

Tatizo lenyewe linajulikana duniani kwa herufi nne, ADHD. Kwa Kiswahili tuseme ni upungufu wa umakini, ambao mara nyingi huambatana na kutotulia. Mtoto mwenye tatizo hili pengine mnamjua: anajibu kabla swali halijaisha, daftari limebaki nyumbani, kalamu imepotea, na mwalimu amechoka kuita jina lake. Mtu mzima hafanani naye sana. Haruki juu ya viti. Kutotulia kwake kumehamia ndani. Anaanza kazi nne na kumaliza nusu ya moja. Anasahau bili ya umeme mpaka wanakuja kukata, na pesa ya kulipia alikuwa nayo. Anaingia jikoni, anasahau alichofuata, anatoka na kikombe. Katika mazungumzo anakudakia maneno, siyo kwa dharau, ila akisubiri atayasahau. Ukimwangalia kwa nje utasema ni mzembe. Naye amekwisha ambiwa hivyo mara nyingi tangu darasa la kwanza, na mwishowe ameamini.

Sasa ngoja, kabla hujaanza kujipima mwenyewe hapo ulipo. Sote tunasahau, sote tunachoka. Kama unasinzia kwenye kipindi cha historia saa nane mchana baada ya ugali na maharage, huo siyo ugonjwa, hiyo ni saa nane mchana. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la mwaka 2013, unataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 katika kundi la kukosa umakini au kundi la kutotulia. Kadhaa kati ya hizo ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12, zimsumbue mahali zaidi ya pamoja, tuseme nyumbani na kazini, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Tatizo lililoanza mwaka jana ulipoanza kulala saa nane za usiku halihesabiwi. Mwaka 2021 watafiti walikusanya hesabu kutoka nchi nyingi wakakadiria kwamba kati ya watu wazima 100, wawili au watatu wana tatizo hili tangu utotoni na bado linawasumbua. Katika basi lililojaa, huenda wapo wawili. Mmoja ndiye aliyeacha begi kituoni.

Dawa zake zilipatikanaje? Hapa kuna kisa. Mwaka 1937, huko Rhode Island nchini Marekani, daktari Charles Bradley alikuwa akihudumia watoto katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya tabia. Kipimo cha ubongo kilichotumika siku hizo kiliwaumiza sana vichwa. Bradley akajaribu kuwapa Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, kwa sababu ya maumivu hayo. Vichwa havikupata nafuu kubwa, lakini walimu walishangaa: baadhi ya watoto walikaa chini wakafanya kazi za shule kwa hamu. Akawapa watoto 30, na karibu nusu yao wakabadilika waziwazi darasani. Watoto wenyewe wakaziita tembe za hesabu. Sikilizeni jina hilo vizuri, kwa sababu nitalirudia nikifika kwenye lile swali la mtihani.

Mwaka 1944 huko Uswisi, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba alitengeneza methilifenideti. Mke wake aliijaribu, na inasemekana alifurahi kwamba alicheza tenisi vizuri zaidi. Aliitwa Marguerite, kwa kifupi Rita, na ndiyo maana dawa ilipoingia sokoni miaka ya 1950 ikaitwa Ritalin. Kwa miaka mingi iliyofuata madaktari waliamini kwamba ADHD ni jambo la watoto, kwamba kijana akibalehe linaisha kama chunusi. Daktari Paul Wender na wenzake wa Utah walikuwa kati ya watu wa kwanza kuonyesha, katika miaka ya 1970, kwamba wapo wanaozeeka nalo, na kwamba dawa ileile inaweza kuwasaidia. Shangazi mwenye miaka 38 aliyeambiwa leo, basi, ni mtu ambaye utoto wake ulipita bila mtu kumtazama vizuri. Wasichana hasa hupitwa hivyo. Msichana anayeota ndoto dirishani hamsumbui mwalimu, kwa hiyo hapelekwi popote.

Kidonge kinafanya nini humo ndani? Seli za ubongo huzungumza kwa kurushiana kemikali. Mbili zinazotuhusu hapa zinaitwa dopamini na noradrenalini. Seli ikishaitoa kemikali hiyo, huirudisha ndani upesi, kama unavyoanua nguo ukiona wingu. Methilifenideti huzuia kuanuliwa huko, kwa hiyo ujumbe unakaa muda mrefu kidogo zaidi. Amfetamini huzuia pia, na juu ya hapo husukuma kemikali nyingine itoke. Ipo na dawa isiyo ya kuchangamsha, atomoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002. Hiyo haifanyi kazi siku hiyohiyo, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake.

Jambo la kushika ni hili. Dawa za kuchangamsha hazitibu tatizo likaisha. Ni kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Yakiwepo unaona, yakiisha giza ni lilelile la jana. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti hufanya kazi kwa saa nne hivi. Vile vya kutoa dawa polepole hufika saa nane mpaka kumi na mbili, yaani kuanzia chai ya asubuhi mpaka magharibi. Ndiyo sababu shangazi anameza kila asubuhi, na ndiyo sababu ni miaka na miaka. Hajashindwa kupona, ila dawa yenyewe ndivyo ilivyo.

Sasa tunafika mahali ambapo hata wataalamu wanabishana, na sitawaficha. Mwaka 2018 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa uchambuzi mkubwa wa majaribio 133 ya dawa hizi, kwa watoto na kwa watu wazima. Majibu yalikuwa mazuri: kwa muda mfupi dawa zinasaidia. Lakini muda mfupi maana yake nini? Karibu wiki 12. Shangazi hamezi kwa wiki 12. Tuseme alianza akiwa na miaka 38 na ataendelea mpaka 60. Hiyo ni miaka 22, zaidi ya wiki 1,100. Mnaona pengo lilivyo?

Utauliza, kwa nini wasifanye jaribio la miaka 22? Kwa sababu jaribio la haki linataka kundi moja limeze dawa na jingine limeze kidonge kitupu. Nani atakubali kumeza unga mtupu miaka 22 huku kazi inamponyoka? Kwa hiyo wametafuta njia nyingine. Nchi ya Uswidi (siyo Uswisi ya akina Rita) kila raia ana namba yake, na kila dawa anayochukua duka la dawa inaandikwa kwenye daftari la taifa. Ukilinganisha daftari hilo na la hospitali, la polisi na la vifo, unaweza kufuata maelfu ya watu kwa miaka.

Walichokuta kina pande mbili, na mtu akikupa upande mmoja tu, jiulize anauza nini.

Upande wa kwanza. Mwaka 2014 walichapisha hesabu za watu zaidi ya 17,000 wenye ADHD. Wanaume walipokuwa kwenye dawa, hatari yao ya kupata ajali mbaya barabarani ilikuwa chini kwa asilimia 58 kuliko walipokuwa hawatumii. Kwa wanawake tofauti haikuonekana wazi. Mwaka 2024 wakafuata watu zaidi ya 148,000 waliogunduliwa na tatizo hili. Katika miaka miwili, kati ya kila 10,000 walioanza dawa walikufa kama 39, na kati ya kila 10,000 ambao hawakuanza walikufa kama 48. Vifo vilivyopungua zaidi ni vile visivyotokana na maradhi, kama ajali. Mimi ninayeona jinsi pikipiki zinavyopita hapo barabarani, hesabu hizo zinanigusa. Mtu asiye makini anapokuwa ameshika usukani, uzembe wake hauishii kwenye daftari lililosahaulika.

Upande wa pili. Novemba 2023 watafiti walitoa utafiti mwingine wa hukohuko Uswidi, wa watu zaidi ya 278,000, waliofuatwa mpaka miaka 14. Waliotumia dawa miaka mingi zaidi walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo na mishipa, hasa presha ya kupanda na mishipa kuharibika. Kwa wastani hatari iliongezeka kwa asilimia 4 kwa kila mwaka wa kutumia, na zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Msikimbie bado! Hiyo asilimia 4 ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu alikuwa nayo tayari, siyo kwamba watu wanne katika kila 100 wanaugua kila mwaka. Mtu wa miaka 20 asiye na presha hatari yake ni ndogo, na ndogo ukiiongeza kidogo inabaki ndogo. Mtu wa miaka 55, mnene, mvutaji sigara, ambaye baba yake alipooza kwa presha, huyo hesabu yake ni nyingine kabisa. Na utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichosababisha. Lakini kwa kuwa tunajua tangu zamani kwamba dawa hizi hupandisha presha kidogo na kuharakisha mapigo ya moyo, itakuwa upuuzi kusema tumeshangaa.

Mimi nikiulizwa, nasema kosa siyo kumeza miaka mingi, kosa ni kumeza miaka mingi bila kupimwa. Huko anakoishi shangazi, mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2018 na taasisi iitwayo NICE unasema presha na mapigo ya moyo yapimwe kila dozi inapobadilishwa na kila miezi 6, na uzito pia kila miezi 6, maana dawa hukata hamu ya kula. Tena angalau mara moja kwa mwaka mtaalamu akae na mgonjwa wajiulize upya: bado inasaidia? Bado inahitajika? Wakati mwingine wanakubaliana kuisimamisha kwa muda waone hali inakuwaje. Wapo wanaogundua kwamba wamejifunza kuishi bila hiyo. Wapo ambao wiki ya pili funguo zimekwisha potea na bosi amekwisha kasirika, wanarudi. Wote wawili wako sawa.

Kwa hiyo wewe mwandishi wa karatasi, una kazi hapa, na ni kubwa kuliko unavyofikiri. Shangazi yuko mbali na daktari wake kwa miezi, anauguza mgonjwa, halali vizuri, anakula chumvi ya nyumbani. Mwamkie kama kawaida, Shikamoo shangazi, halafu umwulize kwa upole: presha yako ilipimwa lini mara ya mwisho? Mashine ya presha ipo kituo cha afya, na maduka mengi ya dawa yanayo. Msindikize. Wakimkuta na presha juu, asizitupe tembe kwa hofu wala asijiongezee au kujipunguzia mwenyewe. Awasiliane na daktari aliyemwandikia, na hapa amwone daktari amwonyeshe dawa zote anazotumia, hata za mafua, maana baadhi ya dawa za mafua nazo hupandisha presha. Akipata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu au kuzirai, huko ni hospitali siku hiyohiyo. Na kama ameanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushuku kila mtu anamfuata, pia ni hospitali. Hutokea kwa wachache, lakini hutokea.

Mengine ni madogo lakini yanaudhi. Mdomo unakauka, kichwa kinauma, usiku usingizi hauji kama dawa imemezwa mchana, na jioni dawa inapoisha mtu anaweza kuwa na hasira za karibu. Ukimkuta shangazi saa moja jioni amenuna, pengine siyo wewe. Mpe chakula, maana huenda mchana hakula.

Turudi kwa mama na neno lake, teja. Simlaumu mama. Amfetamini ni jina linalotisha, na linastahili kutisha. Methilifenideti na amfetamini zimo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za namna hii, katika jedwali la pili, ambalo lina masharti makali. Zinaweza kuleta uteja. Mtu akisaga kidonge akavuta puani au akajidunga, dawa inafika kwenye ubongo kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachomfanya atafute kingine. Akimeza kidonge kizima kwa dozi aliyopimiwa, dawa inapanda polepole kama maji kisimani, na kishindo hakipo. Lakini zaidi ya njia ya kumeza, mtazame mtu mwenyewe. Maisha ya teja yanapungua: leo ameuza redio, kesho amegombana na ndugu, keshokutwa kazi hana, na dozi inapanda tu. Maisha ya mtu anayetibiwa vizuri yanapanuka: bili zimelipwa, anamaliza sentensi, anamwuguza bibi bila kusahau saa za dawa za bibi. Mama aangalie hilo, halafu aamue mwenyewe.

Kuna aliyenong'ona hapo nyuma, nimemsikia, eti si sawa na mirungi tu? Swali halali. Katika majani ya mirungi kuna kemikali iitwayo kathinoni, na ni ndugu wa amfetamini kweli. Ndiyo maana mla mirungi hukesha na kuongea mpaka alfajiri. Lakini nani amepima kiasi kilichomo kwenye kitita? Nani amempima mlaji presha? Nani atamwuliza mwakani kama bado inamsaidia? Tena Tanzania mirungi ni marufuku kisheria, ingawa jirani zetu Kenya ni zao la biashara. Mtu anayejitibu umakini wake kwa kitita cha mirungi ni kama anayejipimia insulini kwa kijiko cha chai.

Haya, sasa lile la mtihani. Mnakumbuka tembe za hesabu? Watoto wa Bradley waliziita hivyo, na uvumi haujafa mpaka leo: meza, utapiga msuli usiku kucha, asubuhi utabomoa mtihani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha jaribio walilofanya kwa watu 40 wa miaka 18 hadi 35 wasio na ADHD. Kwa siku tofauti waliwapa methilifenideti, au dawa ya jamii ya amfetamini, au dawa nyingine ya kuondoa usingizi, au kidonge kitupu, bila wao kujua kipi ni kipi. Kisha wakawapa fumbo: una begi linalobeba uzito fulani tu, na vitu vingi vyenye uzito tofauti na bei tofauti. Upange nini ili begi liwe na thamani kubwa kuliko zote? Ni hesabu ngumu, jaribuni wenyewe na sanduku la bweni.

Wenye dawa walijitahidi zaidi. Walitumia muda mrefu zaidi, walihamisha vitu huku na huku mara nyingi zaidi. Lakini majibu hayakuwa mazuri zaidi, na ubora wa mipango yao ulishuka. Wengine waliokuwa juu ya wastani walipomeza kidonge kitupu, walishuka chini ya wastani walipomeza dawa. Walikimbia sana, ila ovyo. Kitu kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba dawa hizi zinampa mtu hisia kwamba anafanya kazi ya maana. Unajaza kurasa nane za kijitabu cha majibu, unatoka unatabasamu, na matokeo yakitoka ndipo unajua ulikuwa unajaza nini.

Halafu kuna usingizi. Ulichosoma mchana, ubongo hukipanga na kukihifadhi usiku ukiwa umelala. Ukimeza dawa jioni ili ukeshe, umesoma mara mbili na kuhifadhi nusu. Na kuna moyo wako, ambao hakuna aliyeusikiliza. Daktari kabla hajampa shangazi dawa aliuliza habari za moyo wake, magonjwa ya familia, presha. Wewe unaweza kuwa na kasoro ya moyo usiyoijua, na usiku wa mtihani bwenini siyo mahali pa kuigundua.

Usifikiri pia kwamba anayekuuzia mtaani anakuuzia kitu kilekile. Huko Marekani vyombo vya kupambana na dawa za kulevya vimeonya kuhusu vidonge vinavyofanana kabisa na vya ADHD kwa rangi na maandishi, kumbe ndani ni kitu kingine, pengine fentanili, ambayo kiasi kidogo sana kinaua. Kama wao wenye maabara kila mji wanadanganywa, wewe utatambua vipi kwa macho?

Na ukichukua cha shangazi, umemwibia siku moja. Tembe zake zinahesabiwa. Dawa za jedwali lile hazitolewi ovyo, duka likikupa za mwezi ni za mwezi. Mwaka 2022 Marekani ilitangaza uhaba wa moja ya dawa hizi, na mwaka 2023 Uingereza nayo ikapata uhaba. Watu wazima wenye kazi na watoto walizunguka duka hadi duka. Wengi walikuwa wanagawa tembe ili zifike mwisho wa mwezi. Huku kwetu ni vigumu zaidi. Mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani liliombwa liingize methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu, likakataa, na sababu mojawapo ni lile pengo nililowaambia, ushahidi hafifu wa matumizi ya muda mrefu. Nchi nyingi hutazama orodha hiyo zinapopanga zao. Kwa hiyo usitegemee kuikuta zahanati ya kijiji, na mtu mzima wa hapa mwenye tatizo hili mara nyingi huishi nalo bila jina wala dawa. Sitaki kudai kamati ile ilikosea. Walitaka ushahidi, na kutaka ushahidi ni haki yao. Lakini anayelipa gharama ya kungoja ni yule aliyefukuzwa kazi ya tatu.

Kwa wenye ndugu wanaosafiri na dawa hizi: zikae kwenye pakiti yake yenye jina la mgonjwa, pamoja na barua ya daktari, na wapeleleze sheria ya nchi wanayokwenda kabla hawajapanda ndege. Japani, kwa mfano, dawa ya ADHD yenye amfetamini inayouzwa Marekani kwa jina la Adderall hairuhusiwi kuingizwa, hata uwe na cheti cha daktari.

La mwisho, na hili ni kwa yule ambaye ameisoma karatasi hii yote akijiona yeye, siyo shangazi. Kama kweli tangu utotoni vitu vinakuponyoka, nyumbani na shuleni, na umejaribu kila njia, zungumza na mwalimu wa ushauri au mzazi, waombe wakupeleke kwa daktari. Hospitali za mikoa na za rufaa ndiko wanakoweza kukuelekeza kwenye huduma ya afya ya akili. Dar es Salaam iko Muhimbili, Dodoma iko Mirembe, Nairobi iko Mathari. Msiogope majina hayo, watu wanaingia na kutoka kama kliniki nyingine yoyote. Nenda na daftari au ripoti zako za shule za zamani kama zipo, maana daktari atataka kujua ulikuwaje ukiwa darasa la pili au la tatu, na yale maandishi mekundu ya walimu wako ni ushahidi mzuri kuliko unavyodhani. Atauliza kuhusu usingizi, huzuni, malezi, masikio na macho, kwa sababu asiyesikia vizuri ubaoni naye huonekana hana umakini. Na huenda akaanza na mambo yasiyo ya dawa kabisa: kukaa mbele, kazi kukatwa vipande vifupi, saa ya kengele, rafiki wa kusoma naye. Hayo mnaweza kuanza leo jioni, bila cheti.